Kirusi, Ruhusa na Akiba: Juu ya Istilahi za Kupunguza Madhara ya Programu Hasidi

Waraka wa ofisi unaohusu usalama wa kompyuta huwa na sura moja, uwe umetoka wizarani, katika shirika la umma au chuoni. Huanza kwa kuwaonya watumishi juu ya virusi. Huwaamuru wasifungue barua pepe za watu wasiowajua. Kisha humalizia kwa kuagiza kila kompyuta iwekewe programu ya kuzuia virusi. Msomaji akiisha kuusoma huelewa jambo moja tu, kwamba yuko adui nje ya mlango na kwamba kazi yake yeye ni kuufunga mlango huo. Waraka haumwambii lolote juu ya swali la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi: je, adui akiisha kuingia, ataweza kuharibu kiasi gani?

Makala haya yanakusudia kulieleza swali hilo la pili, na kulieleza kwa njia ya istilahi, kwa kuwa tunaamini kwamba sehemu ya lawama ni ya maneno yenyewe. Mafundi wa kompyuta wanazo mbinu nyingi za kupunguza madhara baada ya adui kuingia, na baadhi ya mbinu hizo zimejulikana kwa muda wa miaka hamsini sasa. Lakini zinapopita mikononi mwa mfasiri asiyejihadhari hugeuka kuwa upendeleo, ukuta wa moto na sanduku la mchanga, na mtumishi anayezisoma hawezi kujua afanye nini.

Kirusi na Hasidi

Neno kirusi tumelipokea nalo limetulia. Historia yake yapendeza. Neno la kigeni lilipoingia kwetu lilianza kwa silabi vi-, sikio la Mswahili likaisikia silabi hiyo kama kiambishi cha wingi, na umoja ukazaliwa papo hapo kwa ki-, kama vile kitabu kilivyojizalia vitabu ingawa Waarabu wenyewe hawauundi wingi wake hivyo. Kwa upande wa kompyuta, jina hilo lilitumiwa na Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, katika majaribio yake ya mwaka 1983, naye alilipata kwa mwalimu wake Leonard Adleman.

Ubaya wa neno hili hauko katika umbo lake bali katika picha linayoileta. Mtu akisikia kirusi huwaza ugonjwa, na akiwaza ugonjwa huwaza chanjo na dawa. Ugonjwa hauna nia wala haumchagui mtu kwa sababu ya cheo chake au kwa sababu ya funguo alizo nazo mfukoni. Programu tunazozizungumzia zimetungwa na watu, kwa makusudi, na mara nyingi kwa tamaa ya fedha. Ndiyo maana jina la jumla programu hasidi linastahili kuenezwa zaidi kuliko lilivyoenea. Hasidi katika lugha yetu ni mwenye husuda, anayemtakia mwenzake shari na kuitafuta njia ya kuifikisha. Nia imo ndani ya neno.

Chini ya jina hilo la jumla, kirusi kinabaki na maana yake finyu: kipande cha programu kinachojipachika ndani ya programu nyingine na kusafiri nayo. Mnyoo ni programu inayojitegemea, isiyohitaji kubebwa, ambayo hujinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao. Mnyoo ulioachiwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Marekani, tarehe 2 Novemba 1988, ulikadiriwa kuzipata kompyuta 6,000 hivi, wakati ambapo mtandao mzima ulidhaniwa kuwa na kompyuta 60,000. Programu ya kikomboleo nayo huyageuza maandishi ya faili kuwa mafumbo yasiyosomeka, kisha hudai malipo ili yafumbuliwe. Wapo waandikao programu ya fidia. Sisi twapendelea kikomboleo, kwa sababu fidia katika matumizi yetu ya kisheria hulipwa na aliyekosa, na hapa anayedaiwa ni yule aliyekosewa.

Majaribio ya Cohen yana mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba katika mashambulio matano aliyoyajaribu, kirusi chake kilijipatia uwezo wote wa mfumo kila mara kabla ya saa moja kwisha. La pili ni kwamba alionyesha kwa hoja za hisabati kuwa haiwezekani kuandika programu itakayovitambua virusi vyote pasipo kukosea hata kimoja. Basi programu ya kuzuia virusi inafaa, na waraka haukukosea kuiagiza. Lakini iko siku kitapita kirusi isichokijua, na siku hiyo hasara itapimwa kwa mambo mengine kabisa.

Haki, Madaraka au Ruhusa?

Kwa nini kirusi cha Cohen kilipata uwezo wote? Jibu lake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Programu yoyote inapoendeshwa hufanya kazi kwa jina la mtu aliyeiendesha. Kirusi hakina mkono wake mwenyewe. Hutumia mkono wa aliyekifungua. Karani anayeweza kufungua faili za idara yake tu akiendesha programu hasidi bila kujua, programu hiyo itafika katika faili za idara yake, na hapo itakoma au angalau itachelewa. Akiiendesha msimamizi wa mfumo, ambaye hakuna faili asiloweza kulifungua wala kulifuta, programu itafika kila mahali afikapo yeye.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walichapisha makala juu ya ulinzi wa habari zilizomo katika mifumo ya kompyuta. Miongoni mwa kanuni walizoziorodhesha iko moja ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi yote ya kupunguza madhara: kila programu, na kila mtumiaji wa mfumo, apewe uwezo ule tu ambao bila huo kazi yake haiwezi kutimia, wala asizidishiwe. Ajali ikitokea, au mwenye hila akiingia, hasara itaishia pale uwezo huo unapoishia.

Kwa Kiingereza uwezo huo huitwa kwa neno ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa upendeleo, au haki ya pekee. Mfasiri anayeifuata kamusi pasipo kulitazama jambo lenyewe huandika kanuni ya upendeleo mdogo kabisa, na msomaji hudhani anasoma habari za kuajiriana ndugu na jamaa. Kosa hilo linachekesha, na kwa kuwa linachekesha halidhuru sana, maana msomaji hulitambua upesi.

Kosa linalodhuru ni lile lisiloonekana. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuombwa kufasiri mwongozo wa matumizi ya kompyuta kwa ajili ya ofisi moja, naye, kwa haraka ya kazi, akaandika haki za msimamizi. Neno lilikuwa fasaha na hakuna aliyelisahihisha. Mwongozo ulipokwisha kusambazwa, wakuu wa sehemu wakaanza kuuliza: ikiwa kijana wa kitengo cha kompyuta anazo haki za msimamizi, yawezekanaje mkuu wake asiwe nazo? Mmoja aliandika barua rasmi. Fundi alijaribu kueleza, akachoka, akawapa wote. Miezi michache baadaye mkuu mmoja alifungua kiambatisho kilichojifanya kuwa hati ya madai, na programu ya kikomboleo ikapita katika faili zote za pamoja, za idara yake na za idara zisizomhusu. Sisemi kwamba neno moja ndilo lililoleta hasara ile. Lakini nalijua neno lililoandikwa katika barua ya mkuu yule, na najua nani aliyemfundisha.

Haki, katika Kiswahili, ni kitu ambacho mtu anacho kwa kuwa yeye ni yeye. Kumnyima mtu haki yake ni dhuluma. Kuipunguza ni kumwonea. Neno la namna hiyo haliwezi kubeba kanuni inayodai kwamba uwezo wa kila mtu upunguzwe mpaka utoshe kazi yake tu. Madaraka nayo hayafai, ingawa mwanzoni tulielekea huko, kwa sababu madaraka hufuata cheo na huongezeka mtu anapopanda. Uwezo ndani ya kompyuta haupaswi kufuata cheo hata kidogo. Mkuu wa taasisi, ambaye barua zake husomwa na wengi na ambaye jina lake hutafutwa na kila tapeli, ndiye anayepaswa kuwa na uwezo mdogo zaidi katika mashine aitumiayo kila siku.

Neno linalofaa ni ruhusa. Ruhusa huombwa, hutolewa na mwingine, huwa ni ya jambo fulani na kwa muda fulani, na muda ukiisha humrudia aliyeitoa. Mtumishi aliyekwenda ruhusa kwa ajili ya msiba haoni kwamba ameonewa siku zake zinapokwisha. Kwa bahati njema neno hili limekwisha kuingia mikononi mwa wananchi bila msaada wetu: simu za mkononi zenye Kiswahili humwuliza mtu kama anairuhusu programu fulani itumie kamera yake au orodha ya namba zake. Aidha, katika simu za mfumo wa Android kila programu huhesabiwa kana kwamba ni mtumiaji wa peke yake, mwenye chumba chake, asiyeweza kupekua chumba cha mwenzake ila kwa ruhusa. Hiyo ndiyo kanuni ya mwaka 1975 ikifanya kazi mfukoni mwa mtu ambaye hakupata kuisikia.

Kwa hiyo twapendekeza kanuni yenyewe iitwe kanuni ya ruhusa ya kadiri ya kazi. Tutasema ruhusa ya kusoma, ruhusa ya kuandika, ruhusa ya kuendesha; kutoa ruhusa na kuondoa ruhusa. Tuiepuke istilahi mtumiaji mkuu, ambayo hupendwa na waandishi wa miongozo, kwa kuwa ukuu humvutia kila mkuu. Iwepo akaunti ya kawaida na akaunti ya usimamizi, na ifahamike kwamba hata msimamizi wa mfumo huwa na zote mbili: ya kawaida kwa kusomea barua zake, na ya usimamizi kwa saa ile tu anapofanya matengenezo.

Katika utaratibu wa serikali jambo hili si geni. Mkurugenzi ana cheo kuliko mtunza bohari, lakini funguo za bohari hazikai mfukoni mwa mkurugenzi. Anayeandaa hati ya malipo siye anayeiidhinisha, na hakuna anayeona kwamba utaratibu huo humvunjia mtu heshima. Mwalimu anayetaka kuieleza kanuni hii kwa watumishi wa umma na aanzie bohari, asianzie kompyuta.

Ukuta, Kitongoji, Karantini na Kizimba

Tumegusia ukuta wa moto. Istilahi hii imefasiriwa neno kwa neno, na matokeo yake ni ukuta unaowaka. Katika ufundi wa ujenzi jina hilo ni la ukuta usioungua, unaojengwa kati ya nyumba zilizoungana ili nyumba moja ikishika moto, ya pili isishike. Mkazi wa pwani aliyepata kuuona moto ukiruka kutoka paa moja la makuti hadi jingine hahitaji maelezo marefu. Tazama basi kilichopotea katika tafsiri. Jina la asili halisemi kwamba moto hautaanza. Lasema kwamba moto ukianza, usivuke. Ukuta kinga, au ukuta wa kuzuia moto kwa anayependa kueleza zaidi, hulirudisha wazo hilo.

Nalo ni wazo lenye matumizi ndani ya ofisi, si kwenye lango la nje tu. Kompyuta za mapokezi hazina haja ya kuzungumza na kompyuta za mishahara. Mafundi huugawa mtandao wa ofisi katika sehemu na kuweka ukuta kinga kati ya sehemu na sehemu. Sehemu hizo twaweza kuziita vitongoji vya mtandao.

Karantini tunayo tangu zamani, na wafugaji wanaifahamu kuliko makarani: wilaya ikiwa na ugonjwa wa miguu na midomo, mifugo yake haihamishwi. Kompyuta inayoshukiwa nayo huwekwa karantini, yaani hukatiwa mawasiliano na nyingine. Waraka ungemfaa sana mtumishi kama ungemwambia kwa sentensi moja kwamba akiona dalili za ajabu achomoe kwanza waya wa mtandao, au azime mawasiliano yasiyo ya waya, ndipo amwite fundi.

Karantini ni ya kilichokwisha kushukiwa. Kwa kile ambacho hakijajulikana bado, mafundi huiendesha programu mahali palipozungushiwa mipaka, isipoweza kugusa chochote cha nje, wakaitazama inavyotenda. Kwa Kiingereza mahali hapo pamepewa jina la sanduku ambamo watoto wa Ulaya huchezea mchanga. Watoto wetu huchezea mchanga popote ulipo, na sanduku la mchanga halimwambii Mswahili kitu. Twapendekeza kizimba. Kizimbani hufungiwa kuku, na kizimbani husimama mshitakiwa ambaye bado hajahukumiwa. Maana zote mbili zinasaidia.

Nakala Rudufu si Nakala ya Akiba

Tumefika mahali ambapo uhaba wa maneno huleta hasara kubwa kuliko pengine pote. Nakala ya faili ambayo mtu huiweka ili aitumie ile ya kwanza ikiharibika imepewa majina kadhaa. Wengine huiita chelezo, wengine nakala rudufu, wengine nakala ya akiba. Kwa kawaida baraza huulizwa, kati ya haya lipi ndilo sanifu? Sisi twaona swali hilo halikuulizwa vizuri, kwa sababu rudufu na akiba ni vitu viwili, na kisa kifuatacho chaonyesha gharama ya kuvichanganya.

Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi iliyopewa jina la NotPetya ilienezwa nchini Ukraine. Haikubisha hodi mlangoni. Waliotunga hila hiyo, ambao serikali za Marekani na Uingereza zilisema mwaka 2018 kuwa ni jeshi la Urusi, waliingia kwanza katika kampuni inayotengeneza programu ya hesabu na kodi iitwayo M.E.Doc, wakaipachika programu yao ndani ya masahihisho ambayo wateja huletewa mara kwa mara. Kikulacho ki nguoni mwako. Ilipokwisha kuingia katika kompyuta moja ilisafiri kwa njia mbili: kwa kutumia ufa uliokuwemo katika mfumo wa Windows, na kwa kuokota nywila zilizobaki katika kumbukumbu ya mashine baada ya msimamizi kuitumia. Njia ya pili ndiyo inayohusu ruhusa. Kompyuta iliyokwisha kuzibwa ufa iliweza bado kuvamiwa kwa nywila ya msimamizi iliyookotwa kwa jirani. Tena, ingawa ilidai kikomboleo, haikuwa na njia ya kuzirudisha faili. Kusudi lake lilikuwa kuharibu.

Kampuni ya meli ya Maersk, yenye makao yake Copenhagen, haikuwa imekusudiwa, lakini iliitumia programu ile ya hesabu katika tawi lake la Ukraine. Kwa muda wa saa chache kompyuta zake zilizimika duniani kote, na malori yalipanga foleni kwenye malango ya bandari ambazo hazikujua ni kontena gani limo ndani ya meli gani. Mwenyekiti wake, Jim Hagemann Snabe, alieleza mwezi Januari 2018 kwamba iliwabidi kuzijenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, kazi waliyoifanya kwa siku kumi. Kampuni ilikadiria hasara yake kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Maersk ilikuwa na nakala. Mwandishi Andy Greenberg, aliyekichunguza kisa hiki na kukichapisha mwaka 2018, aeleza kwamba zilikuwapo seva zipatazo 150 zilizotunza kile tunachoweza kukiita daftari la mtandao: orodha ya watumiaji wote, nywila zao, na ruhusa za kila mmoja. Kila seva ilikuwa na nakala kamili ya daftari hilo, na zote zilipashana habari daima, ili moja ikiharibika nyingine zishike nafasi yake. Huo ni utaratibu mzuri dhidi ya kuharibika kwa mashine moja. Lakini hakuna aliyewaza kwamba zote 150 zingeweza kufutwa kwa siku moja. Zilifutwa, na pasipo daftari hilo kazi ya kuujenga mtandao upya isingeweza hata kuanza.

Zilifutwa zote isipokuwa moja. Ofisi ya Ghana ilikuwa imekatikiwa umeme kabla ya shambulio, na seva yake ilikuwa imezimika na kutengwa na mtandao wakati programu hasidi ilipopita. Si mara nyingi kukatika kwa umeme hushukuriwa. Njia ya mawasiliano ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kuweza kulipeleka daftari lote Uingereza, mahali walipokusanyika mafundi, na watumishi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Hivyo mmoja wao alisafiri hadi Nigeria na diski mkononi, akamkabidhi mwenzake uwanjani, na huyo akapanda ndege ya London.

Sasa tuyatazame maneno. Rudufu ni kitu kilichofanywa viwili au zaidi, vinavyofanana na kwenda pamoja. Nakala 150 za Maersk zilikuwa rudufu kwa maana kamili ya neno: lililoipata moja liliweza kuzipata zote. Akiba ni kitu kilichowekwa kando, kisichoguswa katika matumizi ya kila siku. Mkulima haiweki mbegu ya mwakani katika debe lile lile anamochota unga wa leo. Nakala iliyokuwa Ghana iligeuka akiba kwa ajali tu, kwa kuwa umeme uliitenga na wenzake.

Kwa hiyo twapendekeza maneno yote mawili yadumishwe, kila moja na kazi yake. Nakala rudufu iwe ni ile inayofuatana na ya kwanza wakati wote na kusubiri kushika nafasi yake. Nakala ya akiba iwe ni ile inayotengwa, isiyofikiwa na mtandao wala na akaunti ile ile inayotunza ya kwanza. Mtumishi anayeunganisha diski ya nje na kompyuta yake na kuiacha humo mchana na usiku anayo nakala rudufu. Programu ya kikomboleo itazifumba zote mbili kwa pamoja. Mafundi wanayo kanuni nyepesi ya kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo ikae nje ya ofisi. Twaongeza kwamba ni lazima nakala ya akiba ijaribiwe mara kwa mara kurejeshwa, maana ziko ofisi zilizogundua siku ya maafa kwamba kwa miaka mingi zilikuwa zikihifadhi faili tupu.

Kuhusu chelezo hatuna ugomvi nalo. Ni neno la mabaharia na lina sauti nzuri. Ila halimwambii msomaji kama kitu kimetengwa au hakikutengwa, na hilo ndilo analohitaji kuambiwa.

Kiraka

Hapa hatuna haja ya kukawia, kwa sababu neno tunalo na kila fundi cherehani analijua. Kiraka ni sahihisho linaloziba ufa katika programu. Ufa ule ambao NotPetya iliutumia ulikuwa umekwisha tolewa kiraka na Microsoft tarehe 14 Machi 2017. Siku 59 baadaye, tarehe 12 Mei, mnyoo wa kikomboleo ulioitwa WannaCry uliupitia ufa huo huo, na katika Uingereza zaidi ya theluthi moja ya taasisi 236 zinazoendesha hospitali za umma zilivurugika. Miadi ya wagonjwa iliyofutwa ilikadiriwa kupita 19,000. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaomba tu wafasiri waache kuandika sasisho mahali ambapo kiraka ndicho kilichokusudiwa. Sasisho huweza kuwa ni rangi mpya ya dirisha, na mtumishi mwenye kazi nyingi huliahirisha. Kiraka humwambia kwamba nguo imetoboka.

Maneno ya Waraka

Tukiurudia waraka tulioanza nao, mfasiri anaweza kuongeza aya ifuatayo pasipo kuurefusha mno: «Kila mtumishi atatumia akaunti ya kawaida yenye ruhusa ya kadiri ya kazi yake, bila kujali cheo. Ruhusa ya ziada itaombwa kwa maandishi, na itaondolewa kazi iliyoombewa itakapokwisha. Viraka vitawekwa mara vinapotolewa. Nakala ya akiba ya faili zote itawekwa mahali palipotengwa na mtandao na itajaribiwa kurejeshwa. Kompyuta inayoshukiwa itawekwa karantini papo hapo.» Hakuna humo neno lisilojulikana na mtumishi wa umma aliyemaliza shule.

Kati ya istilahi tulizozitaja, kitongoji cha mtandao tunakitoa kwa kujaribu tu, na tutafurahi kupata neno bora kutoka kwa mafundi. Kizimba kimekwisha kupingwa na mwalimu mmoja, rafiki wa ukurasa huu, anayesema kwamba neno hilo humhukumu aliyemo kabla ya ushahidi kusikilizwa. Yawezekana ana haki. Sisi tulidhani kizimba ni mahali pa kusikilizia ushahidi huo, na tunawaomba wasomaji, hasa wale wa mahakamani, watuandikie.